Wanafunzi wangu wanakaribia kuingia kazini: niwafundishe nini kuhusu haki na wajibu wao?

BARUA

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Uraia katika sekondari moja ya kata mkoani Morogoro. Kila mwaka, vijana wakishamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, wengi hawakai nyumbani kusubiri matokeo. Wanaingia kwenye vibanda vya uwakala wa fedha, migahawa, saluni, maduka ya simu na magereji.

Watatu kati yao walipita shuleni hivi karibuni nikawauliza habari za kazi. Msichana mmoja alikatwa mshahara wote wa mwezi kwa sababu ya shoti, yaani upungufu wa hela, kibandani. Wa pili ameambiwa yuko kwenye matazamio, hivyo hatalipwa mpaka mwezi wa tatu. Wa tatu alifanya kazi hotelini siku 19, akagombana na msimamizi, akaondoka bila kuaga; sasa anadai hela yake na hajui pa kwenda. Hakuna hata mmoja mwenye karatasi yoyote mkononi.

Mkuu wa shule amenipa vipindi vinne vya dakika 40 kabla kidato cha nne hawajaanza mtihani. Darasa lina wanafunzi 58, projekta hatuna, ila naweza kutoa kopi chache. Mwaka jana niliandika haki za mfanyakazi ubaoni, wakanakili, wakasahau. Mkuu naye ana hofu kwamba tukiwafundisha haki tutazalisha wakorofi ambao hakuna atakayewaajiri.

Nina swali jingine. Kijana wangu wa kidato cha tatu, miaka 16, anafanya kazi kwenye karakana ya useremala jioni na Jumamosi. Mama yake anaitegemea ile hela. Nimwambie nini?

Mwalimu wa Uraia, Morogoro

JIBU

Mwalimu, pole na majukumu, na hongera kwa kuvipata hivyo vipindi vinne. Shule nyingi hazina hata kimoja.

Tuanze na la mwaka jana, maana ndilo linaloamua mengine yote. Orodha ya ubaoni haikubaki vichwani kwa sababu "haki ya kulipwa ujira" ni maneno matupu kwa mtoto ambaye hajawahi kushika mshahara. Lakini mwambie kwamba mfanyakazi wa 390,000 kwa mwezi hawezi kukatwa zaidi ya 97,500 hata kama shoti ni kosa lake kweli, na darasa litanyamaza likusikilize. Fundisha kwa namba na kwa karatasi. Karatasi zenyewe ni tatu: barua ya ajira, daftari la saa za kazi, na salari slipu. Haki na wajibu vyote vimo humo, kwa hiyo usivitenge vikawa masomo mawili. Ukivitenga, vijana watasikiliza nusu moja, na waajiri nusu nyingine.

Tutakayokueleza yanatoka katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 pamoja na kanuni zake. Sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira ya 2005, na uwaambie hivyo wanafunzi, kwa sababu wapo watakaovuka kwenda hoteli za Unguja wakidhani mambo ni yale yale. Kabla hujaanza kufundisha, pita Ofisi ya Kazi ya mkoa uombe mambo mawili: toleo la sheria linalotumika sasa, na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara. Amri ya karibuni ilianza kutumika 1 Januari 2026. Ina jedwali la kila sekta, na viwango vimeandikwa kwa saa, kwa siku, kwa wiki, kwa wiki mbili na kwa mwezi. Toa kopi ya jedwali hilo, bandika ukutani, liache hapo hadi siku ya mwisho ya mtihani.

Kipindi cha kwanza kitoe chote kwa hesabu ya saa. Chukua mshahara wa 390,000. Tumeuchagua kwa sababu unagawanyika vizuri ubaoni. Usiwaache wanafunzi waamini kuwa ndio kima cha chini. Ili kupata malipo ya saa moja, sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333, yaani wiki zilizomo ndani ya mwezi, kisha inagawa kwa saa za kawaida za wiki. Kwa anayefanya saa 45, 4.333 mara 45 ni takriban 195. Basi 390,000 gawa kwa 195 ni 2,000. Hiyo ndiyo thamani ya saa moja ya huyo kijana. Kwa siku, kama anafanya siku sita kwa wiki, gawa kwa 26: anapata 15,000.

Sasa andika mipaka: siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki. Hapa karibu darasa zima litakosea, na ni vizuri wakosee mbele yako kuliko mbele ya bosi. Watazidisha 9 kwa 6, wapate 54, waseme saa 54 ni halali. Hapana. Mipaka yote mitatu inafanya kazi kwa pamoja. Anayefanya saa 9 amezimaliza 45 siku ya tano. Akija Jumamosi, hiyo yote ni ovataimu. Anayetaka kumweka mtu siku sita bila ovataimu apunguze saa za siku, kwa mfano saa 8 Jumatatu hadi Ijumaa na saa 5 Jumamosi.

Wape zoezi la kibanda kinachofunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, siku sita, na mapumziko ya saa moja mchana. Kila siku ni saa 11 za kazi. Kwa wiki ni 66. Toa 45, inabaki 21. Ovataimu hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 3,000 kwa saa, hivyo wiki moja ina 63,000 na wiki nne zina 252,000 juu ya mshahara. Waache wazitazame hizo namba. Kisha waulize: je, bosi akizilipa zote, ratiba hiyo ni halali? Bado. Ovataimu haitakiwi kuzidi saa 50 katika wiki nne, na hapa zimefika 84. Isitoshe, lazima iwe imekubaliwa. Si jambo la kuamriwa tu saa ya kufunga duka.

Wataibuka na swali la mapumziko, na wakinyamaza uliulize wewe. Anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60. Bosi halazimiki kuyalipia, isipokuwa kama mfanyakazi ametakiwa kuendelea kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi muda huo. Msichana anayekula chipsi nyuma ya kaunta huku mkono mmoja unahudumia wateja hajapumzika. Saa hiyo ni ya kazi na inalipwa. Yaliyobaki yapitie haraka: kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na anayefanya kazi sikukuu ya kitaifa hulipwa mara mbili.

Malizia kipindi kwa salari slipu ya kuchora ubaoni. Mshahara 390,000. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, mchango wa mfanyakazi asilimia 10, ni 39,000. Mwajiri naye anaweka asilimia 10 yake, na hiyo haitoki mfukoni mwa kijana. Inabaki 351,000 ya kukokotolea kodi. Hadi 270,000 hakuna kodi. 81,000 inayozidi inakatwa asilimia 8, sawa na 6,480. Mkononi anapokea 344,520. Waambie wasitie saini mahali penye kiasi tofauti na walichohesabu. Na anayekatwa NSSF aende mwenyewe kuhakiki kama mchango umefika kwenye akaunti yake. Wapo wanaokatwa kila mwezi, na mfuko haujapokea chochote.

Kipindi cha pili ni cha barua ya ajira. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya maandishi: jina, umri, jinsi na anuani ya mfanyakazi, mahali alipoajiriwa, maelezo ya kazi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Anayefanya chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja hahusiki na takwa hili. Wengine wote wanahusika, awe wa hotelini au wa saluni ya uchochoroni.

Andika barua mbili za mfano. Moja iwe na kila kitu. Nyingine iharibu kwa makusudi: saa za kazi zisiandikwe, mshahara uandikwe "kadiri ya makubaliano", na sentensi moja iseme mfanyakazi atalipia hasara yoyote itakayotokea. Kopi 15 zinakutosha, vikundi vya watu wanne. Waambie waipigie mstari kila sehemu yenye mtego na waandike pembeni sentensi ya kuirekebisha. Hapo ndipo wanapojifunza kusoma, kwa sababu kipeperushi cha haki hakina mitego na mkataba wa kweli unayo.

Kuna jambo la lugha. Mikataba mingi huandikwa kwa Kiingereza, na kijana wa kidato cha nne huona aibu kusema hajaelewa. Sheria inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi ameelezwa kwa namna anayoielewa. Basi wafundishe kuomba: "Bosi, naomba nikaisome nyumbani, nitairudisha kesho asubuhi nikiwa nimesaini." Asiyekubali ombi hilo amekwisha jieleza. Wasisaini karatasi tupu. Wasiache vyeti halisi wala kitambulisho cha NIDA kwa mwajiri, kopi inatosha. Na wasilipe hela ili wapewe kazi.

Tunajua kuwa vibanda vingi havitatoa barua hata ukifundisha mwaka mzima. Kwa hiyo wape njia ya pili, ambayo inafanya kazi hata kwa bosi asiyependa karatasi. Wakishakubaliana kwa mdomo, kijana atume ujumbe wa simu siku hiyo hiyo: "Shikamoo bosi. Nashukuru kwa kunipokea. Nimeelewa naanza Jumatatu, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mshahara 390,000 kwa mwezi, malipo kila tarehe 30. Kama nimekosea naomba unisahihishe." Ujumbe huo una heshima, hauna ugomvi ndani yake, na una tarehe. Mgogoro ukifika mbele ya sheria na mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake. Ujumbe wa simu na daftari la saa, ndivyo kijana anavyopata cha kushika.

Daftari lenyewe ni la kawaida, lile dogo la mfukoni. Mistari mitano: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, mapumziko, tukio. Lijazwe kila siku kabla ya kulala. Daftari lililoandikwa siku moja kwa kalamu moja, lenye "saa 2 hadi saa 2" kurasa zote, haliaminiki. Anayelisoma anagundua mara moja. Waanze kulijaza sasa hivi, kwa majuma mawili, kwa saa zao za shule. Utaona ni wangapi wanaoweza kuandika kwa uaminifu kwamba Jumanne walichelewa dakika 20. Huo ni wajibu wa kazi umeshafundishwa, na hujatoa hotuba.

Kipindi cha tatu kipe shoti, kwa sababu ndiyo inayowaumiza vijana wengi na ndipo haki na wajibu vinapogongana hasa. Anza na chanzo chake. Shoti ya kibandani huzaliwa kwa njia chache zinazojirudia: watu wawili wanatumia laini moja ya wakala na droo moja, muamala umekwenda namba isiyo sahihi, noti bandia imepokelewa wakati wa msongamano, namba ya siri imetajwa mbele ya rafiki, au bosi mwenyewe amepita, akachukua elfu hamsini ya mafuta, hakuna aliyeandika.

Onyesha ukurasa mmoja wa daftari la kibanda. Asubuhi: fedha taslimu 400,000, floti (hela iliyomo kwenye laini ya wakala) 600,000, jumla milioni 1. Jioni: taslimu 730,000, floti 220,000. Jumla 950,000. Kila muamala unahamisha hela kutoka droo kwenda floti au kutoka floti kwenda droo, kwa hiyo jumla haipaswi kushuka. Kamisheni inahesabiwa peke yake. Shoti ni 50,000. Waulize vikundi ilipotea wapi, kisha uwaonyeshe mstari wa saa 7 mchana ulioachwa wazi: bosi alichukua hela ya mafuta. Kama kijana angeandika "saa 7:10, bosi amechukua 50,000" na kumwomba aweke saini, hesabu ingefunga. Kumwomba bosi saini kunatisha mwanzoni. Ni rahisi zaidi kukiwa ni utaratibu wa tangu siku ya kwanza: wanahesabu pamoja asubuhi, wanahesabu pamoja jioni, wote wawili wanasaini. Bosi mwenye akili anaupenda utaratibu huu kwa sababu unamlinda na yeye.

Baada ya hapo weka sheria ya makato. Mwajiri anaweza kukata kwa ajili ya hasara pale tu ambapo mfanyakazi amekubali deni kwa maandishi, na masharti haya yote yametimia: hasara ilitokea akiwa kazini na kwa kosa lake, ameandikiwa sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, amepewa nafasi ya kupinga, jumla haizidi hasara halisi, na makato hayazidi robo ya mshahara wake. Robo ya 390,000 ndiyo ile 97,500. Kumbe ile sentensi ya "hasara yoyote" kwenye barua yako mbovu haimpi bosi ruhusa ya kubeba mshahara mzima.

Fanya igizo mara mbili. Mara ya kwanza mfanyakazi ana kosa kweli: alimwachia rafiki laini akaenda kununua vocha. Mara ya pili kosa si lake. Darasa liamue kwa kutumia masharti hayo. Usiruhusu igizo ambalo bosi daima ni mnyama. Vijana wakizoea hilo, wataingia kazini wakitafuta ugomvi, na hapo hofu ya mkuu wako itakuwa ya haki.

Kipindi cha nne kinabeba wajibu, kuondoka kazini, usalama, na pa kwenda. Muda ni mfupi, kwa hiyo chagua.

Kwa wajibu, wataje makosa makubwa yanayoweza kumfukuzisha mtu hata kwa mara ya kwanza, kama kanuni za 2007 zinavyoyataja: udanganyifu mkubwa, kuharibu mali kwa makusudi, kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, uzembe mkubwa, kumpiga mfanyakazi mwenzako au mteja, na ukaidi mkubwa. Kutoonekana kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika ni kosa la kuachishwa pia. Waambie kwamba mgonjwa hutoa taarifa asubuhi ile ile na kuleta cheti cha daktari. Kukaa kimya siku tatu halafu kurudi na panadoli mfukoni si taarifa.

Kwa kuondoka, mchukue yule wa hotelini bila kutaja jina lake wala la hoteli. Morogoro ni mji ambao watu wanajuana. Notisi inamhusu mfanyakazi kama inavyomhusu mwajiri, na iwe ya maandishi: siku 7 ndani ya mwezi wa kwanza; baada ya hapo siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au wiki. Tuseme mshahara wake ulikuwa 390,000 na zile 19 ni siku za kazi: amefanya kazi ya 285,000, na hiyo ni yake. Aliyekataa kufanya kazi kipindi cha notisi anaweza kukatwa fedha za kipindi hicho. Siku 7 zina siku 6 za kazi, yaani 90,000. Hata bosi akikata yote hiyo, bado kijana anamdai 195,000. Kwa hiyo ugomvi na msimamizi haukumpotezea mshahara, lakini kutoaga kunaweza kumgharimu 90,000. Kijana akiona hivyo, ataandika notisi.

Wa matazamio naye anajibiwa kwa maneno machache. Aliye kwenye matazamio ni mwajiriwa. Analipwa kwa kila siku aliyofanya kazi. Matazamio ni kipindi cha kupima uwezo wake, hakiwezi kugeuzwa kuwa kazi ya bure.

Hapa, Mwalimu, tunakuomba usiahidi zaidi ya sheria. Ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali hauwahusu wenye chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo, na wengi wa vijana wako hawafiki huko kabla ya kwenda kidato cha tano au chuo. Likizo ya malipo nayo kwa kawaida inaanzia miezi 6. Ukiwaambia kuwa hakuna anayeweza kuwaachisha, watagonga ukuta na hawatakuamini tena. Lakini mshahara, ovataimu, kikomo cha makato, notisi, na kutobaguliwa vinawahusu tangu siku ya kwanza.

Usalama useme kwa mifano ya jikoni na gereji. Vifaa vya kinga, glavu, miwani, buti, mwajiri ndiye anayetoa na bila malipo. Wajibu wa mfanyakazi ni kuvivaa na kutoa taarifa ya hatari anayoiona. Akiungua mafuta ya moto, atoe taarifa papo hapo, aandike tarehe, saa na aliyeshuhudia. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake. Kijana akiona makato ya mfuko huo kwenye salari slipu, hayo si halali.

Kwa wasichana, na wavulana pia, tamka wazi: msimamizi anayetaka ngono ili akupe kazi, zamu nzuri au mshahara wako anatenda kosa la jinai. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, inapigiwa 113 bure. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna 116, namba ya msaada kwa watoto. Liseme kwa sauti ya kawaida, usilipitie kwa kunong'ona, kwa sababu wanafunzi watalichukulia kama ulivyolichukulia wewe.

Pa kwenda ni ngazi. Kwanza bosi mwenyewe, kwa ujumbe au barua yenye kiasi na hesabu yake. Pili, Afisa Kazi wa mkoa. Tatu, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile inayoitwa CMA, kwa fomu namba moja. Fomu hiyo humfikia mwajiri kwanza, na mlalamikaji anapeleka Tume nakala pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipata. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine kama mshahara ndani ya siku 60. Kinachowaangusha vijana ni kungoja. Bosi anasema "njoo mwisho wa mwezi" mara mbili, na siku 60 zimekwisha. Mwambie kijana wako wa hotelini ahesabu siku leo. Akiwa amechelewa, kuna fomu ya kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa kutoa sababu ya maana ya kuchelewa.

Kuhusu mkuu wa shule, mwombe aidhinishe wageni wawili katika kipindi hiki cha mwisho, dakika 10 kila mmoja: Afisa Kazi, na mwenye biashara mmoja anayeheshimika mtaani. Huyo wa pili aulizwe swali moja tu, ni nini kinachomfanya ambakize kijana na kinachomfanya amwachishe. Mpe mkuu ile barua ya mfano na ule ujumbe wa "Shikamoo bosi" avisome kabla. Kijana anayeandika hivyo, anayehesabu droo na kusaini, hatamtia mkuu wasiwasi.

Tumalizie na wa karakana. Kwa miaka 16 anaruhusiwa kazi nyepesi, isiyodhuru afya na makuzi yake na isiyomvuruga shuleni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya hatari. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza pia kumfanyisha mtoto kazi usiku, kuanzia saa 2. Msumeno wa umeme na mashine ya kuranda si kazi nyepesi kwa kipimo chochote: zinakata vidole, na vumbi lake linaingia mapafuni.

Usianze na fundi. Anza na rejista yako: angalia anavyohudhuria Jumatatu na asubuhi za siku alizokesha kazini. Kisha muone mama yake, nyumbani kwake ikiwezekana, na umuulize mambo matatu tu: analipwa kiasi gani, anatoka saa ngapi, na anagusa mashine zipi. Usimwambie aache, hela hiyo inanunua unga. Mwende pamoja kwa fundi, mama ndiye aongee, na ombi liwe dogo na lenye mipaka: abaki na kupokea wateja, kuandika oda na kupima, asiwashe mashine, atoke saa 12 jioni, na Jumamosi aanze saa 3. Fundi akikubali, kijana aanze daftari lake siku hiyo. Akikataa kumtoa kwenye mashine, mtoeni pale, na uonane na Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wilaya wiki hiyo hiyo ili mama asiachwe peke yake na pengo la hela.